Mafungo ya kimya na kuungama ni vitu viwili tofauti

Mdau umeuliza kwa nini mtu ajifungie siku kadhaa mafungoni, kimya, simu imezimwa, wakati dhambi zake anazijua, si aende tu kwa padre aungame yaishe. Wengi wana swali hilo hilo ila wanaona aibu kuuliza.

Kwenye kitubio unapeleka dhambi upate maondoleo, mafungoni unaenda kuangalia zinatokea wapi. Mimi kwenye mafungo fulani kuna mwenzetu alikuwa anaburuza kiti kila akikaa kanisani, basi nikashikwa na hasira kiti tu jamani, nikamweleza mwongozaji wa mafungo nikijua ataniambia vumilia, yeye akaniuliza hiyo hasira umeshawahi kuionea wapi tena? Nilikaa na hilo swali mchana kutwa, na jibu halikuwa na uhusiano wowote na kiti. Miaka yote kwenye kuungama nilikuwa nasema "nimekasirika" napita.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, naye alianzia hapo. Alijeruhiwa mguu vitani Pamplona, Hispania, mwaka 1521, akiwa kitandani akagundua kwamba akiwaza mambo ya ushujaa na kumpendeza bibi mmoja wa ukoo mkubwa anapata raha lakini baadaye anabaki mkavu, akiwaza kuishi kama watakatifu ile furaha inabaki. Kutoka kwenye kujichungulia huko ndo yakaja Mazoezi ya Kiroho (kitabu chake cha kuongoza sala na tafakari), ambayo Papa Paulo III aliyaidhinisha 1548, na mafungo mengi ya kimya leo yanafuata njia hiyo.

Na uchunguzi wa dhamiri wa kila siku aliofundisha hauanzi na dhambi, hapo watu wengi hushangaa. Unaanza na kushukuru, unaomba neema ya kuona, ndo unapitia siku yako saa kwa saa, unaomba msamaha, unaazimia kujirekebisha. Anayerukia makosa moja kwa moja (na wacha Mungu wengi wako hivi) anaishia kujipiga tu, na huko kujipiga mara nyingi ni kiburi kilichovaa kanzu.

Usitegemee kububujika machozi ya furaha muda wote. Kuna siku sala inakuwa kavu kabisa unatamani ufungashe. Inyasi anasema wakati wa ukavu usibadili maamuzi uliyoyafanya ulipokuwa na faraja, hii imenisaidia hata nje ya mafungo.

Kama kazi haikuruhusu kuondoka, mazoezi hayo hayo hufanywa ukiwa nyumbani, tanbihi ya 19 kwenye kitabu chenyewe inamzungumzia mtu mwenye shughuli nyingi atenge saa moja na nusu kwa siku. Ila tafuta mwongozaji kwanza, hiyo ya kujiendesha peke yako siishauri, maana moyo unajua kujitetea.