Eksirei safi haimaanishi goti lako ni zima

Jamani wacheza ndondo wenzangu, hili naliandika kwa uchungu maana mimi limenigharimu miezi minne.

Ilikuwa jioni, nakimbiza mpira, nikakanyaga ili nigeuke, hakuna aliyenigusa, nikasikia "paa!" ndani ya goti la kulia. Kabla ya isha lishajaa kama papai. Zahanati wakanipiga eksirei, nikaambiwa mfupa mzima, nikapewa dawa za maumivu nikarudi nyumbani. Mama mkubwa akaja na maji ya moto akanichua kwa huruma zake zote, uvimbe ukazidi.

Sasa nisikilizeni. Eksirei inaonyesha mifupa, kano, zile kamba ngumu zinazoshikanisha mifupa ya goti, haionyeshi, na meniskasi, ile mito miwili ya gegedu katikati ya goti, haionyeshi pia. Kinachogundua kwanza ni maelezo yako na mikono ya daktari. Mwambie kama ulisikia mlio, mwambie lilivimba saa ngapi: likijaa ndani ya saa chache mara nyingi ni damu, na kano ya mbele kukatika ndio ya kushukiwa kwanza. Likivimba taratibu mpaka kesho yake, linauma pembeni kwenye maungio, ukichuchumaa linachoma, mara linakwama, hapo fikiria meniskasi. Na vyote vinaweza kuumia siku moja, mimi ndivyo ilivyokuwa.

Daktari wa mifupa niliyempata baadaye alinilaza chali, akakunja goti kidogo tu, digrii 20 au 30 hivi, mkono mmoja kashika paja, mwingine anavuta mguu wa chini kuja mbele. La kushoto likagota. La kulia likateleza tu kama droo, hata mimi niliona kwa macho yangu. Kipimo cha Lachman hicho, cha kupima kano ya mbele. MRI, picha inayoonyesha hata kano na meniskasi, ilikuja kuthibitisha kano imekatika, ikaonyesha na meniskasi imechanika.

Goti likiwa bado limevimba misuli inakaza na kipimo kinaweza kudanganya, kwahiyo ukiambiwa rudi baada ya wiki moja au mbili, rudi kweli. Mimi sikurudi, nilijiona nimepona sababu kwenye barabara iliyonyooka natembea vizuri, kumbe nikishuka ngazi au nikigeuka ghafla goti linaniachia, na kila likiachia meniskasi inazidi kusagika.

Siku za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye kitaulo, funga bandeji, inua mguu, usichue wala kukanda moto. Ila kama goti limekwama halinyooki kabisa, huwezi kukanyaga, au mguu umekuwa wa baridi na ganzi, nenda hospitali leo leo.