Réunion: chagua upande wa kisiwa kabla ya kuchagua hoteli

Ukiitazama Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, kwenye ramani utadhani ni kisiwa cha kuzunguka asubuhi ukamaliza kabla ya chakula cha mchana. Eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 2,500 tu. Lakini kisiwa chenyewe ni mlima uliochomoza baharini, na kilele chake, Piton des Neiges, kina mita 3,071. Mlima huo ndio unaoamua jua liwake wapi, mvua inyeshe wapi, barabara ipite wapi na wewe uamke saa ngapi. Nimekwenda huko likizo zaidi ya mara moja, na mtu akiniuliza hoteli gani ni nzuri, nami humuuliza: upande gani?

Upepo wa kusi hupiga mashariki ukiwa umejaa unyevu wa bahari. Unapokutana na mlima hupanda, hupoa, na mvua hushuka hapohapo. Baadhi ya miteremko iliyo juu ya Sainte-Rose hupata zaidi ya mita 10 za mvua kwa mwaka. Magharibi, upande uliokingwa, pwani ya Saint-Gilles haifikishi hata mita moja. Zile picha za jua na mchanga mweupe unazoziona kwenye matangazo ni za kweli, ila ni za upande mmoja. Kama likizo yako ni fupi na unachotaka ni bahari, lala magharibi. Mashariki nenda kwa matembezi ya siku ukaone mashamba ya miwa, maporomoko ya maji na lava nyeusi iliyoganda hadi ufukweni. Beba koti la mvua hata kama umeondoka hotelini jua linawaka.

Kuhusu msimu, sina maneno mengi. Mei hadi Novemba ni kukavu na kuna ubaridi kiasi. Desemba hadi Machi kuna joto, mvua kubwa na vimbunga, Januari na Februari zaidi. Kimbunga kikikaribia, tahadhari hutolewa kwa rangi, na ikifika nyekundu hakuna ruhusa ya kutoka nje. Ukiweza kuchagua, epuka miezi hiyo.

Sasa volkano yenyewe. Piton de la Fournaise, mita 2,632, ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani. Wengi hupanga safari wakiomba ilipuke wakiwa huko. Mimi nashauri usiijengee ratiba. Ikilipuka, bonde kubwa linaloizunguka hufungwa, na utaangalia kutoka mbali kama kila mtu. Isipolipuka, utashuka mwenyewe kutoka Pas de Bellecombe, kwenye ukingo wa bonde hilo, ngazi zaidi ya 500, kisha utembee juu ya lava iliyokauka hadi ukingo wa shimo la Dolomieu. Mwaka 2007 sakafu ya shimo hilo ilidondoka kwa takriban mita 300, na ukisimama pale juu utaelewa kwa nini hairuhusiwi kusogea zaidi. Kwenda na kurudi tenga kama saa tano. Njiani hakuna maji wala kivuli. Alama za rangi nyeupe kwenye mawe ndizo za kufuata, kwa sababu ukungu ukishuka kila upande hufanana.

Siku ya volkano iweke mwanzoni mwa likizo, usiiache iwe ya mwisho. Mawingu yakikuziba au njia ikifungwa, bado unazo siku za kujaribu tena. Na uwahi. Mlimani anga huwa safi alfajiri, halafu kufikia saa tatu au saa nne asubuhi mawingu hupanda kutoka pwani na kufunika kila kitu. Ndiyo maana kule Maïdo, genge la zaidi ya mita 2,000 linalotazama bonde la Mafate, anayefika saa tano anapiga picha ya weupe mtupu. Ratiba niipendayo ni ya kuamka usiku, mlimani alfajiri, baharini mchana. Huko juu alfajiri ni baridi kwelikweli, hivyo sweta si mzigo wa bure.

Baharini kuna jambo moja lisilo na mjadala: papa. Tangu 2013, baada ya mashambulizi kadhaa, kuogelea kumepigwa marufuku isipokuwa ndani ya mwamba wa matumbawe, kama ufuo wa L'Hermitage upande wa magharibi, na kwenye sehemu chache zilizotengwa na kulindwa. Ukiona ufuo mzuri hauna mtu hata mmoja majini, usijifanye shujaa. Ndani ya mwamba maji ni tulivu, na samaki utawaona bila kwenda mbali. Ila vaa viatu vya majini, matumbawe hukata.

Mafate haina barabara. Utaingia kwa miguu au kwa helikopta, na nyumba za wageni zilizoko huko ni chache, kwa hiyo weka nafasi miezi kadhaa kabla. Ukikosa, usilazimishe kwenda na kurudi siku moja ukiwa na watoto.

Kuhusu hati za safari, kumbuka kuwa Réunion ni mkoa wa Ufaransa na fedha yake ni euro, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Anayehitaji visa aeleze wazi kuwa anaenda Réunion, maana visa ya kawaida ya Schengen haitoshi.

Mabasi yapo, ila kwa ratiba ya alfajiri mlimani utahitaji gari la kukodi. Wanaendesha upande wa kulia. Chukua gari dogo lenye nguvu kiasi. Barabara ya kupanda Cilaos, mji ulio ndani milimani, inasifika kwa kona 400, na baadhi zimebana hadi basi likitokea mbele yako ni lazima mmoja arudi nyuma. Anayechafukwa na moyo garini akae kiti cha mbele, na chakula kizito akile akishafika.