Simfoni za Allan Pettersson: 15 au 17?

Simfoni (tungo ndefu za okestra) alizozikamilisha mtunzi huyu wa Uswidi ni 15, ndugu, na wote wawili, aliyesema 15 na aliyesema 17, mna haki kiasi. Namba zinafika 17, ila ile ya 1 aliiacha njiani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ya 17 ilikuwa kipande tu alipofariki mwaka 1980. Kwa hiyo hesabu kuanzia ya 2 hadi ya 16. Vijitabu vya CD zake navyo vinaeleza hivyohivyo. Angalizo: ya 1 utaikuta imerekodiwa, lakini hiyo ni kazi ya mwongozaji wa okestra Christian Lindberg, aliyeiunganisha kutoka kwenye miswada, basi usiihesabu kama kazi iliyokamilishwa na Pettersson mwenyewe.

Kuna aliyedai pia kwamba Pettersson alikuwa mtoto wa tajiri; hilo silijui limetoka wapi. Baba yake alikuwa mhunzi na mlevi, wakiishi Södermalm, Stockholm, enzi hizo mtaa wa walalahoi. Pettersson alipiga viola (fidla kubwa kidogo) kwenye okestra ya mji huo, kisha baridi yabisi ikamharibu viungo hadi kushika kalamu ikawa taabu, na simfoni nyingi ameziandika katika hali hiyo.

Kama hujawahi kumsikia, anza na ya 7. Antal Doráti ndiye aliyeongoza okestra ilipopigwa mara ya kwanza, Oktoba 1968. Inakwenda zaidi ya dakika 40 bila kituo, na nusu ya kwanza ni nzito kweli. Vumilia. Zile fidla zinapobaki zikiimba taratibu utaelewa kwa nini Waswidi walimpenda ghafla.