Ndege ikipewa sloti mpya, usitoke getini

Wacha nianze na aibu yangu. Kuna siku watu kama 150 hivi walikaa ndani ya ndege Amsterdam dakika 70 juu yangu, nilijua ni juu yangu na wao walijua, maana niliingia wa mwisho nikihema na kikombe cha kahawa mkononi.

Nilikua nimetoka JKIA, eyapoti yetu ya Nairobi, naenda Manchester kumuona dadangu, naunganisha pale Amsterdam. Ile ndege ya pili ikachelewa, ubao ukasema itatoka saa moja na dakika 50 baadaye. Nikasema aah, muda ninao, nikaenda zangu kuzunguka maduka, hata viatu nilipima. Kurudi naskia jina langu linaitwa kwa spika, na getini wameshatuma watu chini watafute begi langu walitoe. Wakanihurumia, wakaniingiza, mlango ukafungwa. Tukakaa. Kimya. Halafu rubani akatangaza kwa upole kabisa kwamba sloti yetu, yaani zamu yetu ya kuruka, imetupita, tumepewa nyingine. Mama niliyekaa naye hakunisemesha mpaka Manchester.

Nikiwa nimerudi Nairobi nikamwambia shemeji yangu hiyo stori, yeye kazi yake ni kupanga safari za ndege pale Embakasi. Tulikua Kenyatta Market tunangoja nyama. Alicheka kwanza mpaka akafuta macho. "Shem, kwani ulidhani muda wa ndege ni kama wa misa?"

Kumbe neno sloti lina maana mbili na wengi tunazichanganya. Kuna ile ya eyapoti zilizojaa kama Heathrow, ambayo kampuni ya ndege inapewa msimu mzima na isipoitumia asilimia 80 inaweza kuipoteza msimu kama huo ukirudi. Hiyo waachie wenyewe. Inayokukalisha getini ni sloti ya siku hiyo hiyo, yaani saa kamili ambayo ndege inatakiwa iache ardhi, na kwa Ulaya inatolewa na Eurocontrol, shirika linaloratibu safari za anga za Ulaya, kule Brussels. Inatumwa kama masaa 2 kabla ya muda wa kutoka. Rubani anaruhusiwa kuruka kuanzia dakika 5 kabla ya hiyo saa mpaka dakika 10 baada. Robo saa tu. Mtu mmoja akipotelea kwa duka la viatu hiyo robo saa imeisha.

Sasa inagawanywaje? Tuseme mvua ya radi imekaa mahali na waongoza ndege wamesema anga ile leo haimezi zaidi ya ndege 30 kwa saa. Kompyuta inakata hiyo saa vipande vya dakika 2, halafu inapanga ndege kwa kufuata saa ambayo kila moja ingepita hapo kama hakungekua na shida. Haiangalii ukubwa wa kampuni, haiangalii nani amefika getini kwanza. Mimi nilikua nafikiria ni kama matatu, gari ikijaa inatoka, shem akasema hapana, hapa hata ukijaza ndege mapema bado unangoja zamu yako ya kwenye orodha. Na njia yako ikipita sehemu mbili zenye msongamano, unapewa dilei ya ile mbaya zaidi.

Lakini orodha haikai imetulia, na hapa ndio wengi tunaumia. Ndege moja ikichelewa, labda mafuta, labda begi, labda mimi na kahawa yangu, kampuni inatakiwa ipeleke muda mpya mapema, kile kipande chake kinabaki wazi na kompyuta inatafuta nani wa nyuma anaweza kukijaza. Huyo wa nyuma muda wake unakua wa mapema zaidi ghafla. Ndio ile saa moja na dakika 50 yangu ilishuka mpaka saa moja hivi, kuna ndege mahali ilikosa yake. Na sisi tulipoikosa yetu, kuna abiria mahali walipiga makofi.

Ndio maana pia wakati mwingine wanakupandisha na kufunga mlango na bado saa nzima imebaki. Mimi nilikua nadhani ni ujeuri. Kumbe ndege ikishafunga mlango inaombwa mnara wa waongoza ndege utume ujumbe kwamba iko tayari, na nafasi ikitokea ghafla anayeweza kuichukua ni aliye tayari. Kwa hiyo ukiitwa upande, panda, choo utaenda ukiwa ndani.

Marekani wana mtindo wao, kituo kikuu cha kupanga msongamano wa ndege kiko Warrenton, Virginia, na rubani anapewa dakika 5 tu kabla na 5 baada. Kilichonifurahisha ni kwamba kule orodha inafuata ratiba ya mwanzo, kwa hiyo kampuni ikikiri mapema kwamba ndege yake imechelewa haipotezi nafasi, inaweza kuipa ndege yake nyingine, au ikiiachia inapewa ya baadaye ambayo itaiweza. Zamani ukisema ukweli ulikua unapoteza, so watu walikua wananyamaza.

Kwetu hapa JKIA ni njia moja ya kurukia, na foleni mnara unaipanga papo hapo. Na ndege ikitoka mbali hivi kwenda Ulaya kwa kawaida haipewi hizo sloti za Brussels, mzigo wanabeba walio karibu. Maana yake safari ndefu inaweza kufika kwa wakati na hiyo fupi ya kuunganisha ndio ikakutesa. Mimi sai sikati tiketi ya kuunganisha yenye chini ya masaa matatu, na nikipata ya asubuhi nachukua hiyo, kabla dilei za siku hazijarundikana.

Kitu kingine. Ukiwa unatoka eyapoti yoyote ya Umoja wa Ulaya kwa safari fupi na mmechelewa masaa 2, chakula na kinywaji ni haki yako, hata kama kosa ni la mvua au waongoza ndege. Fidia ya pesa kwa dilei kama hizo kwa kawaida hupati, lakini chakula itisha. Sisi tulimaliza masaa mawili na dakika 10. Mimi sikuitisha hata maji. Ningeanzia wapi?