Mchawi anamaliza vita peke yake, nimpunguze nguvu?

SWALI: Kamwene kaka. Tupo watu watano hapa Kihesa, Iringa, wikiendi tunacheza Dungeons & Dragons geto kwangu, ile gemu ya kuigiza wahusika kwenye stori na kurusha dadu kuamua matokeo, mi ndo naendesha stori. Wahusika wamefika leveli ya 5 na tangu hapo mchawi akirusha mpira wa moto tu vita imeisha, goblini (vile vijitu viovu vya adui) wote chali, jamaa wa upanga anabaki kuchezea simu. Nataka dadu za huo moto nizitoe 8 ziwe 4 ila mchawi kanuna. Vita ijayo nimeipanga kwenye korongo kama la Isimila, lile la nguzo za asili hapa Iringa. Nifanyeje?

JIBU: Kamwene mdogo wangu. Usimpunguzie. Huyo katoka leveli ya kwanza akiwa na uhai wa kuungaunga, anajificha nyuma ya wenzake akiusubiri huo moto, leo umnyang'anye? Mi tatizo naliona kwenye siku yako. Wahusika wanapigana mara ngapi kabla hawajalala? Kama ni vita moja af usingizi unaomrudishia uchawi wote, hata umwachie dadu 4 bado atamwaga kila alichonacho maana hana sababu ya kubana.

Angalia hesabu. Dadu 8 za pande 6 ni wastani wa 28, na goblini wa kitabu cha gemu cha 2014 ana uhai 7, so hata akifanikiwa kukwepa akala nusu bado anakufa. Mpiganaji wa leveli hiyo anapiga mara mbili kwa zamu, upanga mkubwa ni wastani wa 7 kila pigo, juu yake unaongeza nguvu zake, tena akikosa amekosa. Kwa pigo moja hamfikii mchawi na hatakaa amfikie. Ila mchawi ana nafasi 2 tu za kurusha uchawi wa daraja la 3, ndo daraja la huo moto, akipumzika kidogo anaweza kurudisha moja, basi, mpaka kesho. Upanga hauishi, na kile kitendo cha ziada anachoweza kufanya mpiganaji ndani ya zamu yake kinarudi kila baada ya pumziko la saa moja. Kitabu cha mwendeshaji cha 2014 kinakadiria vita 6 hadi 8 za wastani au ngumu kwa siku, mi naona nyingi kwa jioni moja ila hata 4 zinatosha, na siku ya kwenye stori si lazima iishe siku mliyokaa mezani, mnaandika nafasi zilizobaki mnaendelea wikiendi inayofuata. Wakitaka kulala kila baada ya vita wakumbushe kwamba usingizi mrefu unafaidiwa mara moja tu ndani ya saa 24.

Hapo Isimila sasa. Usiwafiche goblini nyuma ya nguzo ukadhani wamepona, ule moto unazunguka kona. Wasambaze. Moto unashika kama mita 6 kila upande, so weka wawili juu ya ukingo na mishale, wengine watokee nyuma, na watatu wamvamie jamaa wa upanga mwili kwa mwili, hapo mchawi akirusha anamchoma na mwenzake. Utaona mezani wanavyoanza kuulizana kabla ya kurusha, na mi raha ya hii gemu naiona hapo kuliko popote.

SWALI: Kaka, sisi wa Uyole, Mbeya, dadu ya pande 20 ya kuamua kama pigo limempata mtu hatuna, tunarusha 3 za ludo tunajumlisha. Mbona mwenye deraya nzito hapigiki?

JIBU: Ni hizo dadu. Ya pande 20 kila namba ina nafasi sawa, ila 3 zikijumlishwa zinajazana katikati, robo ya mirusho yote inaangukia 10 au 11. Goblini anayehitaji 14 kwenda juu ili ampige mwenye deraya anapata asilimia 35 kwa dadu ya pande 20, kwa zenu ni kama 16 tu. Na anayehitaji 8, ambaye ni mpiganaji wenu, anapanda toka 65 mpaka karibu 84. Yani mwenye nguvu kaongezewa, mnyonge kapunguziwa, halafu 20 yenyewe haitoki kabisa, mwisho wenu 18. Kateni vikaratasi 20 vyenye namba 1 mpaka 20, vitieni kikombeni, mtu achomoe bila kuangalia. Kikishasomwa kirudi humo na mtikise, mkikiacha nje watu wataanza kuhesabu namba zilizobaki na kutegea zamu.