King'ora cha 555: volti ikipanda, sauti inashuka

Mdogo wangu wa Newala, aisii yako ya 555 (chipu ya kupima muda, ndiyo inayotoa mawimbi ya king'ora) haijaungua. Umesema ukiongeza volti kwenye mguu wa 5, king'ora chako cha kufukuza nyani kwenye mikorosho kinatoa sauti nzito badala ya kali. Ndivyo 555 inavyofanya kazi.

Ndani ya 555 mna rezista tatu zinazolingana, zinazogawa volti ya betri mafungu matatu sawa. Kwa betri ya volti 9, mguu wa 5 wenyewe hukaa kwenye volti 6, na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) inajaa na kupungua kati ya volti 3 na 6. Ukiupandisha mguu huo hadi 7.5, kikomo cha chini kinakuwa nusu yake, kwa hiyo kapasita lazima ipande kutoka 3.75 hadi 7.5, na pale juu inajaa polepole sana kwa sababu imeikaribia volti ya betri. Muda wa kujaa unafika karibu mara 1.8 ya ule wa awali, hivyo mitetemo kwa sekunde inapungua na sauti inakuwa nzito. Muda wa kushuka haubadiliki hata kidogo, kwa hiyo mawimbi nayo yanapoteza ulinganifu. Kwa kufukuza nyani hilo halina shida.

Funga potenshiomita (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 10 kati ya chanya na hasi, mguu wake wa kati upitie rezista ya kilo-omu 1 kwenda mguu wa 5. Usitoke nje ya volti 4 hadi 8. Hapa Mikindani nimeisikiliza mezani kwangu: ukiizungusha taratibu, spika inalia kama mtu anayevuta pumzi.

Ukitaka sauti iwe kali zaidi kadiri volti inavyopanda, tafuta aisii nyingine iitwayo CD4046.