Kifafa kimetulia, mbona mtoto bado hashiki?

Aliyegundua kwanza ni ustadhi, si mimi. Binti yangu alikuwa na miaka 6, anasoma chuoni huku kwetu Majengo, na katikati ya aya sauti ilikuwa ikikatika. Macho yanapanda kidogo, kope zinapepesa, kidole kimebaki pale pale kwenye msahafu. Hujahesabu mpaka kumi, ameshaendelea kusoma, ila neno analolishika silo aliloliacha. Ustadhi hakumchapa. Aliniita akaniambia, "Mama, huyu hachezi. Mpeleke hospitali." Mpaka leo namwombea dua.

Shuleni walimwita mzubavu. Nyumbani wengine wakasema ni pepo la nyuni. Hospitali akavalishwa kichwani nyaya za EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, akapewa kikaratasi akishike mbele ya mdomo akipulize kwa dakika 3 bila kuacha. Kabla ya dakika ya pili kikaratasi kikatulia, na mistari kwenye mashine ikaanza kuchongoka mara 3 kwa kila sekunde. Kumbe kuna kifafa kisichoangusha mtu wala kutoa povu, kifafa cha kuzubaa (kwa Kiingereza "absence"), na mtoto anaweza kupatwa nacho mara nyingi kwa siku moja.

Dawa ilimkubali, kuzubaa kule kukakoma. Mimi nikajua yameisha. Lakini hesabu kumi alikuwa akifika ya tatu anapotea, na nikimtuma unga na sukari analeta kiberiti. Nilimgombeza sana kipindi kile, na inaniuma.

Jambo ninalotaka kila mzazi alijue ni hili: kifafa hiki na shida ya umakini ni vitu viwili, japo vinatembea pamoja. Mwaka 2010 Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 453 wenye kifafa hiki. Zaidi ya thuluthi walikuwa na shida ya umakini hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, na ufuatiliaji ukaonyesha shida hiyo huendelea hata kifafa kikishazimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapima kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, watoto 26 wenye kifafa hiki, wakawalinganisha na wenzao 22 wasio nacho. Sehemu za mbele za ubongo, zile zinazomfanya mtu ashike jambo asiliachie, mawasiliano yake yalikuwa dhaifu, hata katika dakika ambazo kifafa hakikuwa kimemshika mtoto. Niliposomewa haya nililia. Mwanangu hakuwa mvivu.

Lakini tafadhali usikimbie kuuza dhahabu ukalipie MRI. Picha zile ni za utafiti, zinalinganisha kundi na kundi. Mtoto mwenye kifafa hiki hasa, MRI yake ya kawaida hutoka safi, haitakuonyesha umakini wake ukoje. Pesa hiyo ni heri iende kwa mtaalamu atakayempima umakini wenyewe, kwa maswali na michezo ya kusikiliza na kukumbuka.

Dawa nayo iulizie. Katika uchunguzi ule wa 2010, waliopewa dawa ya valproeti walibaki na shida ya umakini zaidi, 49 kwa 100, kuliko waliopewa dawa ya ethosuksimidi, 33 kwa 100. Na kama ni mtoto wa kike, valproeti ina hatari kwa mimba atakapokua, kwa hiyo mzungumze na daktari mapema. Usiikate wala usiibadilishe mwenyewe. Na kwa kuwa kifafa kinaweza kumshika majini, baharini asiingie bila mtu mzima wa kumtazama, hata maji yakiwa ya magotini.

Kwa mwalimu nilikwenda na barua ya daktari. Nikamwomba amkalishe mbele, mbali na dirisha, ampe agizo moja moja, kisha amwambie alirudie kwa mdomo wake. Nyumbani nafanya vivyo hivyo. Namtuma unga peke yake. Akirudi, ndipo namtuma sukari.